Maisha ya Guglielmo Marconi, Mtu wa Simu ya Upepo

Mji wetu wa Bukoba una habari moja ya zamani ambayo vijana wengi wa leo hawaijui. Kabla ya Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914, Wadachi walisimamisha hapa mlingoti mrefu wa simu ya upepo. Basi mwezi wa Juni 1915 Waingereza wakajaza askari katika meli huko Kisumu, wakavuka ziwa, wakashuka pwani karibu na mji wetu, wakapigana siku mbili. Walipokwisha kuuteka mji waliubomoa mlingoti ule na mitambo yake, na nyumba za mji ziliporwa. Kisha wakapanda meli zao, wakarudi walikotoka. Hawakuja kukaa. Shabaha yao kubwa ilikuwa ule mlingoti.

Sisi tukaao Kibeta twajiuliza: ni kitu gani kilichokuwa katika mlingoti ule, hata watu wafe kwa ajili yake? Jibu ni kwamba ulikuwa kinywa na sikio. Uliweza kusema na Mwanza pasipo waya. Na leo, kila tufunguapo redio nyumbani asubuhi kusikiliza habari, twatumia elimu ile ile. Kwa hiyo twaona ni vema kuwasimulia maisha ya mtu aliyeifanya elimu hiyo kuwa kazi ya mikono, yaani Guglielmo Marconi.

Marconi alizaliwa Bologna, nchi ya Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa Mwitalia mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alikuwa mwanamke wa Ireland aliyekuja Italia kujifunza kuimba. Kijana huyu hakuwa mwanafunzi wa sifa. Hakupata kuingia katika chuo kikuu, na wengi hawakumtazamia jambo kubwa. Lakini alipenda umeme kuliko vyote, na mama yake aliuona moyo wake, akamsaidia. Tena karibu nao alikaa Profesa Augusto Righi, mwalimu wa chuo cha Bologna, ambaye alimruhusu kijana kuja kusikiliza na kutazama vyombo vyake.

Yapasa tuseme wazi kwamba Marconi siye aliyevumbua mawimbi yenyewe. Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hesabu, katika miaka ya 1860, kwamba umeme waweza kusafiri hewani kama mawimbi, kwa mwendo ule ule wa nuru. Ndipo Mdachi, Heinrich Hertz, akayathibitisha kwa vyombo kati ya mwaka 1886 na 1888. Alirusha cheche ya umeme upande mmoja wa chumba, na upande wa pili, katika pete ya waya isiyoguswa na mtu, cheche ndogo ikatokea. Mfano wake ni jiwe litupwalo ziwani: jiwe huzama pale pale, lakini viwimbi vyake huenda mbali na kulitikisa jani lililo ng'ambo. Hertz alikuwa mtaalamu wa elimu tu, hakutafuta faida katika jambo hilo. Akafa tarehe 1 Januari 1894, akiwa na umri wa miaka 36.

Mwaka ule ule Marconi, kijana wa miaka 20, alikuwa milimani mapumzikoni, akasoma habari za kifo cha Hertz na za kazi yake. Fikira moja ikamshika, isimwache. Ikiwa mawimbi haya yavuka chumba, mbona yasivuke bonde? Na yakivuka bonde, mbona yasichukue maneno? Akarudi nyumbani kwao, Villa Griffone, karibu na Bologna, akajifungia katika vyumba vya darini na vyombo vyake.

Vyombo vile vilikuwa vya watu wengine. Yeye alivitengeneza upya na kuviunganisha. Kwa kutoa mawimbi alitumia cheche. Kwa kuyapokea alitumia kichupa chembamba cha kioo chenye unga wa madini ndani yake. Mawimbi yakifika, unga hushikamana na kuruhusu umeme kupita. Kisha kinyundo kidogo hugonga kichupa, unga ukalegea tena, tayari kwa alama nyingine. Katika mwaka 1895 alitoka nje kondeni, akagundua jambo kubwa: akiinua waya mmoja juu sana, na kuzika mwingine ardhini, mawimbi huenda mbali zaidi kupita kiasi. Ndugu yake Alfonso akapelekwa ng'ambo ya kilima na chombo cha kupokea, pamoja na bunduki. Kilima kilikuwa kimewatenga, hawakuonana. Marconi akabonyeza ufunguo wake, na baada ya kitambo akasikia mlio wa bunduki kutoka ng'ambo. Alama zilikuwa zimefika.

Mwaka 1896 alikwenda Uingereza pamoja na mama yake, maana ndiyo iliyokuwa nchi ya meli nyingi, na meli zikiisha kuondoka pwani hazikuwa na njia ya kusema na mtu yeyote. Mwezi wa Juni akaomba hati ya serikali ya kulinda kazi yake. William Preece, mhandisi mkuu wa posta, mtu mzima wa heshima, alimpokea kijana huyu mgeni na kumpa msaada, jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi. Mwezi wa Mei 1897 alama zilivuka maji ya Bristol Channel, kwanza kilometa 6 hivi, kisha 16. Mwaka huo kampuni yake ikaanzishwa. Mwaka 1899 alama zikavuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, mwendo wa kilometa 50 hivi.

Lakini shida moja ilizidi kuonekana. Watu wawili wakipeleka alama wakati mmoja, ziliingiliana, zisifahamike, kama ngoma nyingi zipigwazo pamoja katika uwanja mmoja. Marconi na wenzake wakafanya kazi ya kulinganisha mitambo, ili chombo cha kupokea kiitikie wimbi la namna moja na kuyaacha mengine. Mwaka 1900 akapata hati kwa jambo hilo. Tena hapa wengine walikuwa wametangulia, hasa Oliver Lodge wa Uingereza na Nikola Tesla aliyekaa Marekani; na mwaka 1943, Marconi akiwa amekwisha kufa, mahakama kuu ya Marekani ilizibatilisha sehemu kubwa za hati yake ya huko. Lakini kila mtu azungushaye kifundo cha redio na kuipata stesheni moja kati ya nyingi, anakula matunda ya kazi hiyo.

Kisha akaazimia kuvuka bahari ya Atlantiki. Wataalamu wengi walimwona mpumbavu, nao walikuwa na hoja. Dunia ni mviringo, na mawimbi huenda moja kwa moja kama nuru. Basi yatapita juu na kupotelea angani. Marconi hakuwa na jibu kwa hoja hiyo. Alijenga mtambo mkubwa Poldhu, upande wa kusini-magharibi wa Uingereza, akasafiri mwenyewe mpaka kisiwa cha Newfoundland. Huko, tarehe 12 Desemba 1901, katika upepo mkali na baridi, waliinua waya kwa tiara, naye akakaa na kisikilizio masikioni. Akasema amesikia nukta tatu, ambazo ni alama ya herufi S, zilizotoka mbali kilometa 3,400 hivi. Naye George Kemp, msaidizi wake, akashuhudia. Hata leo wako wataalamu wanaotia shaka juu ya siku ile. Lakini mapema mwaka 1902, akisafiri katika meli Philadelphia, alama ziliandikwa na chombo chenyewe juu ya karatasi mbele ya mashahidi. Ndipo ikaonekana ajabu: mchana zilifika kilometa 1,100 hivi, na usiku zaidi ya 3,000.

Kwa nini usiku? Mwaka huo huo Arthur Kennelly na Oliver Heaviside walisema, kila mmoja kwa nafsi yake, kwamba juu sana angani pana tabaka iwezayo kuyarudisha mawimbi chini, kama dari irudishavyo sauti. Ilikuwa dhana tu mpaka Desemba 1924. Hapo Edward Appleton na Miles Barnett waliazima mtambo wa utangazaji wa Bournemouth usiku, vipindi vilipokwisha, wakapima mawimbi yake huko Oxford, wakaona kweli tabaka hiyo ipo, juu ya nchi kilometa 100 hivi. Kwa hiyo kituo cha redio ya watu wote kilikuwa pia chombo cha kuchunguza uumbaji. Marconi alikuwa ameupita mlango asioujua umefunguliwa na nani.

Sasa turudi kwenye mlingoti wa Bukoba. Katika majaribio ya 1897 alikuwapo Profesa Adolf Slaby, Mdachi, aliyerudi kwao na kuanza kazi kama hiyo. Mdachi mwingine, Ferdinand Braun, alitengeneza mtambo wa kupeleka alama kwa nguvu kuliko ule wa kwanza. Mwaka 1903 kazi za hao wawili ziliunganishwa katika kampuni moja, Telefunken, na elimu iliyousimamisha mlingoti wetu ilipita katika mikono yao. Mwaka 1909 Marconi na Braun waligawana tuzo ya Nobel. Ilipokuja vita, nchi zao zikawa adui. Braun alikuwa amekwenda New York kutoa ushahidi katika kesi ya kituo cha Wadachi huko, vita vikamzuia kurudi, akafia ugenini mwaka 1918.

Mwaka ule wa tuzo, mwezi wa Januari, meli mbili, Republic na Florida, ziligongana katika ukungu karibu na Marekani. Republic ilikuwa na simu ya upepo. Kijana aliyeishika, Jack Binns, aliita msaada saa nyingi katika baridi, na watu kama 1,500 wakaokolewa. Mwaka 1912 ikazama Titanic. Jack Phillips na Harold Bride waliita mpaka maji yalipowafikia, Phillips akafa. Meli Carpathia ilisikia, ikaja mbio, ikaokoa watu 700 hivi. Zaidi ya 1,500 walipotea. Lakini meli nyingine, Californian, ilikuwa karibu zaidi, na mshika simu wake alikuwa amekwisha kulala. Sikio lilikuwapo, ila hapakuwa na mtu wa kusikiliza. Baada ya msiba huo, mkutano wa mataifa uliofanyika London uliweka sheria, Januari 1914, juu ya simu ya upepo melini na juu ya watu wa kukesha.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuelezwa uchungu wa jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Siku zile redio ndiyo iliyoleta habari mpaka vijijini, na nyumba nyingi zilisikiliza huku zikiogopa kusikia.

Marconi mwenyewe alipatwa na mengi. Mwaka 1912 aliumia katika ajali ya motokaa, akapoteza jicho la kuume. Ndoa yake na Beatrice O'Brien, aliyemwoa mwaka 1905, iliharibika kwa safari zake zisizokoma na kwa kuvutwa kwake na wanawake wengine, wakaachana mwaka 1924. Mwaka 1927 alioa tena. Alisikia mbali kuliko watu wote wa zamani zake, lakini nyumbani kwake mwenyewe hakusikia vema.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twataka msomaji aliangalie sana. Katika miaka ile yote simu ya upepo ilikuwa na kasoro moja mbele ya wafanya biashara na serikali. Barua yafungwa katika bahasha. Simu ya waya yaenda mahali pamoja. Lakini neno lililotupwa hewani laweza kusikiwa na kila mwenye chombo. Marconi alijitahidi miaka mingi kulipunguza jambo hilo, ili ujumbe umfikie yule mmoja tu. Wengine ndio walioanza kuona kwamba kasoro hiyo ni baraka: ikiwa sauti moja yaweza kufika katika nyumba elfu kwa wakati mmoja, basi na isemwe kwa ajili ya wote.

Hapo palihitajiwa kwanza chombo cha kuchukua sauti ya mtu, si nukta tu. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, mshauri wa kampuni ya Marconi, alitengeneza taa ya namna mpya ya kupokea mawimbi, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaiongezea sehemu iliyowezesha kukuza nguvu za alama. Tarehe 15 Juni 1920, mwimbaji Nellie Melba aliimba katika kiwanda cha Marconi huko Chelmsford, na sauti yake ikasikiwa katika nchi nyingi. Mtoto wa mama aliyependa kuimba aliona kampuni yake ikituma nyimbo angani. Mwaka 1922, katika kibanda kule Writtle, mhandisi Peter Eckersley akaanza kutangaza kila juma, akichekesha watu na kucheza piano.

Mwaka huo huo kampuni ya Marconi na nyingine ziliungana kuanzisha BBC, na tarehe 1 Januari 1927 ikawa shirika la watu wote, lisilo la mfanya biashara yeyote. Kila mwenye redio alilipa ada ya shilingi 10 kwa mwaka, na fedha hiyo ikalisha vipindi na wahandisi. Mkuu wake wa kwanza, John Reith, mtoto wa mchungaji wa Scotland, alishika neno moja: redio ni amana, nayo yapasa kufundisha na kuarifu, pamoja na kufurahisha. Hii ndiyo asili ya redio za umma zilizoigwa katika nchi nyingi, pamoja na yetu.

Marconi hakukaa kitako. Wakati wengine walipoyadharau mawimbi mafupi, wakiwaachia watu wa kujifurahisha, yeye na mhandisi wake Charles Franklin waliyachunguza. Mwaka 1923 alisafiri katika meli yake Elettra mpaka visiwa vya Cape Verde, akaona kwamba mtambo wa nguvu kidogo, kwa mawimbi mafupi, wafika mbali kuliko mitambo mikubwa ya mawimbi marefu. Hivyo alikubali kwamba njia aliyoifuata miaka zaidi ya 20 haikuwa bora, akaanza upya akiwa na umri wa miaka 49. Si watu wengi wenye sifa wawezao kufanya hivyo. Kwa mawimbi hayo mafupi Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928. Kwa hayo redio ya Vatikani, aliyoijenga mwenyewe, ilianza mwaka 1931. Na kwa hayo BBC ilianza mwaka 1932 kusema na nchi za mbali.

Twatamani habari iishie hapo, lakini kweli yatulazimu kuendelea. Mwaka 1923 Marconi alijiunga na chama cha Mussolini, na mwaka 1930 akafanywa mkuu wa Chuo cha Kifalme cha Italia. Italia ilipoishambulia Ethiopia mwaka 1935, ikawatupia watu wake hewa ya sumu, yeye aliitetea nchi yake mbele ya mataifa. Mtu aliyewapa wanaozama njia ya kulia hakusikia kilio cha Waafrika. Hatusemi hayo kwa furaha. Twasema ili mtu asidhani kwamba akili kubwa ni kitu kimoja na moyo mwema.

Alikufa Rumi, tarehe 20 Julai 1937, kwa ugonjwa wa moyo, mwenye umri wa miaka 63. Siku iliyofuata, vituo vya redio na vya simu ya upepo vya Uingereza na vya nchi nyingine vilinyamaza dakika mbili. Anga ikawa kimya, kama ilivyokuwa kabla yake.

Redio ilianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 likawa Radio Tanzania chini ya serikali. Huku kwetu, mbali na Dar es Salaam, ni mawimbi mafupi, yakirudishwa na ile dari ya angani, yaliyoifikisha sauti mpaka katika migomba. Watu walikusanyika kwa jirani mwenye redio, wakasikiliza pamoja.

Tena liko jambo moja la kutafakari. Mwaka 1963 Muungano wa Makanisa ya Kilutheri Duniani ulifungua redio kubwa ya Sauti ya Injili, nayo ilitangaza pia kwa Kiswahili, vipindi vikitengenezwa Moshi, mpaka serikali ya huko ilipoitwaa mwaka 1977. Mitambo yake ilikuwa wapi? Addis Ababa, mji ule ule ulioingiwa na majeshi ya Mussolini mwaka 1936.

Mlingoti hauchagui maneno. Ule wa Bukoba ulijengwa kwa kazi ya watawala, ukabomolewa kwa ajili ya vita. Wa Addis Ababa ulihubiri amani. Leo kila mmoja wetu ana simu mkononi ifanyayo kazi kwa mawimbi yale yale, naye aweza kutangaza neno kwa watu elfu kabla hajainuka kitini. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya wahandisi wachache imekuwa yetu sote. Basi kabla ya kulituma neno tuliulize kama ni la kweli, na tukiisha kulituma tusilale kama yule mshika simu wa Californian, maana huenda yuko mtu karibu nasi anayeita.